Mteja anasema "kifua kinabana", wewe unamuuliza "unawaza nini?" (Uzi kuhusu mwili ndani ya tiba ya mazungumzo)

#1 KitiChaPili (mleta uzi)

Wakuu, uzi huu ni mrefu. Asiye na muda aweke alama arudi baadaye.

Kazi yangu ni kukaa kwenye kiti cha pili. Cha kwanza anakaa mteja, mimi nakaa kile kinachotazamana nacho, tunazungumza dakika hamsini, wiki ijayo tunarudia. Nilifundishwa kusikiliza maneno: kasema nini, karudia neno gani, kakwepa swali lipi. Miaka yangu ya mwanzo niliuona mwili kama gari tu la kukileta kichwa kikaoni.

Kilichonigeuza ni kisigino. Mteja mmoja (mambo yake nimeyabadilisha asitambulike) alikuwa ananieleza jinsi alivyomsamehe ndugu yake aliyemdhulumu. Maneno yamenyooka, sauti imetulia. Huko chini kisigino kinapiga sakafu kama cherehani. Nikamwambia, "Naona mguu wako una haraka. Ukiuachia ufanye unavyotaka, utafanya nini?" Akanyamaza kitambo. Kisha akasema, "Utampiga teke." Akacheka, halafu akalia. Vikao vinne vya msamaha vilikuwa vimeshapita, na jambo lenyewe lilikuwa bado halijaguswa.

Kinachonishangaza ni kwamba sisi tunaosema Kiswahili hatukuhitaji hata kufundishwa hili. Mtu akiambiwa neno la kuumiza, anasema limemkata maini. Akishtuka, moyo unampiga paa. Hasira inamchemsha damu, uvumilivu ni kujikaza kisabuni, na aliyelisema lililomkaa rohoni anasema ametua mzigo. Halafu mtu huyohuyo anafika kwa mtaalamu, anasema kifua kinambana, na swali la kwanza analokutana nalo ni: "Wakati huo ulikuwa unawaza nini?" Masikini anaanza kutafuta wazo. Pengine wazo halikuwepo. Kilichokuwepo ni kifua.

Mjadala wenyewe ni wa zamani. Mwaka 1884 mwanasaikolojia Mmarekani William James aliandika jambo lililowaudhi wengi: hatulii kwa sababu tuna huzuni, tunahuzunika kwa sababu tunalia. Mwili hutangulia, na hisia ni namna tunavyoutambua mwili uliokwisha kubadilika. Mwaka uliofuata Carl Lange wa Denmark akatoa hoja inayofanana nayo. Mwaka 1927 mwanafiziolojia Walter Cannon akajibu kwamba haiwezekani, kwa sababu moyo unakwenda mbio mtu akiwa na hofu, akiwa na hasira na hata akiwa na homa. Hivyo moyo peke yake hauwezi kukuambia ni hisia gani. Mimi naona wote wawili walishika ncha mbili za kamba moja.

Kwenye tiba, Edmund Jacobson, daktari wa Chicago, alitoa mwaka 1929 kitabu cha kufundisha watu kukaza na kulegeza msuli mmoja mmoja. Wengi hudhani alikuwa anafundisha kulala. Alikuwa anafundisha kutambua, kwa sababu mtu aliyekaza taya miaka kumi hajui tena kama taya limekazwa. Wilhelm Reich, mchambuzi wa nafsi, mwaka 1933 akaandika kuhusu deraya ya tabia, wazo ambalo baadaye alilipeleka hadi kwenye misuli, yaani mtu anavyojifunga mwilini ili asihisi.

Ila ninayemrudia mara kwa mara ni Eugene Gendlin. Alifanya kazi na mwanasaikolojia Carl Rogers huko Chicago, wakawa wanasikiliza vikao vilivyorekodiwa ili wajue kwa nini baadhi ya watu hupona na wengine huzungumza tu. Waliopiga hatua walikuwa na tabia moja: walikuwa wanakwama. Anasema "nina hasira", anatulia, anajisikiliza, anasema "hapana, si hasira hasa... ni kama kitu kimeziba hapa". Wasemaji hodari, wale wenye sentensi zilizokamilika, ndio waliokuwa hawaendi popote. Tangu nilisome hilo, mteja akigugumia huwa simsaidii neno. Nasubiri.

Sasa hoja yangu, na ndiyo hasa nataka tuijadili. Wengi wakisikia mwili kwenye tiba wanafikiria kutuliza: pumua, legea, funga macho, sikia ndege. Nasema hilo limetuharibia kazi. Mwili uliotulia ni jambo zuri likija lenyewe, ila shabaha yangu ni kwamba mteja aweze kukaa na kinachotokea mwilini mwake bila kukikimbia. Kuna siku njia ya kufika huko ni kumtoa jasho kwa makusudi.

Karibuni. Wenye kupinga hasa.

#2 MkekaUshatandikwa

Nimetandika mkeka kabisa. Hiyo ya kisigino imenifanya nitazame mguu wangu sasa hivi, na kweli unapiga.

#3 UshahidiKwanza

Mleta uzi, hadithi ya kisigino ni tamu, lakini hadithi haijawahi kuwa ushahidi. Nami nasoma fani hii na nimechoka na watu wanaoingia kwa mlango wa "mwili" wakitoka na kila aina ya uganga.

Umemtaja Reich ukaishia 1933. Wacha nimalizie. Mwaka 1934 alitolewa kwenye chama cha kimataifa cha wachambuzi wa nafsi. Akahamia Marekani, akatangaza kwamba kuna nishati ya uhai aliyoiita orgoni, akaunda makasha ambayo mtu anakaa ndani ili aivune. Mahakama ikampiga marufuku, akakaidi, vitabu vyake vikachomwa moto mwaka 1956, na 1957 akafia gerezani. Kuchoma vitabu ni aibu na siungi mkono. Ila kasha lilikuwa kasha tu.

Tuje karibu zaidi. Mwaka 1988 tuliambiwa kwamba ukishika kalamu kwa meno ili uso ukae kama unatabasamu, vikatuni vinakuchekesha zaidi. Mwaka 2016 maabara 17 zikarudia jaribio hilohilo na hazikukuta kitu. Mwaka 2010 tukaambiwa ukae au usimame kwa kujitanua, kifua mbele, na homoni zako zitabadilika. Wengine wakarudia, homoni hazikubadilika, na mwaka 2016 mwandishi wa kwanza wa utafiti ule, Dana Carney, akasema hadharani kwamba haamini tena kama jambo hilo lipo.

Na sasa kila kona ni neva ya vagasi, ile inayotoka kwenye ubongo hadi moyoni na tumboni. Nadharia ya Stephen Porges ya mwaka 1994, inayoeleza hofu na kuganda kwa kutumia neva hiyo, inatajwa kama sheria ya maumbile, wakati wanafiziolojia wenyewe wanaipinga, hasa simulizi lake la jinsi neva hiyo ilivyobadilika kutoka kwa watambaao hadi kwa wanyonyeshao. Sijataja wanaosema kiwewe kinahifadhiwa kwenye nyonga. Nyonga gani? Ya kushoto au ya kulia?

Nipe kitu kimoja kilichopimwa, watu wamegawanywa kwa kura, upande mmoja ukapata tiba na mwingine haukupata. Kimoja tu.

#4 KitiChaPili

Mkuu, ulipoanza na Reich nilijua leo ipo kazi. Kasha nakuachia, kalamu nakuachia, na kusimama kifua mbele pia. Nyonga sijawahi kuitetea.

Umetaka kimoja. Nakupa vichache, na dosari zake.

Mwaka 2000 kina Teasdale, Segal na Williams walichukua watu 145 waliokuwa wamepona sonona lakini wamewahi kuugua zaidi ya mara moja. Nusu walifundishwa kwa wiki nane kuangalia pumzi na mwili na kuyaona mawazo yanavyopita. Msingi wake ni ule mpango alioanza Jon Kabat-Zinn huko Massachusetts mwaka 1979 kwa watu wenye maumivu sugu. Kwa waliowahi kuugua mara tatu au zaidi, asilimia 66 ya wasiofundishwa walirudi kwenye sonona ndani ya wiki 60. Waliofundishwa ni asilimia 37. Na hapa kuna jambo ambalo mashabiki huliruka: kwa waliougua mara mbili tu, mafunzo hayakusaidia. Ndiyo maana sipendi kuyagawa kama peremende.

Mwaka 2014 kikundi cha Bessel van der Kolk kilipima yoga kwa wanawake 64 wenye kiwewe sugu ambao tiba nyingine zilikuwa hazijawasaidia. Baada ya wiki kumi, asilimia 52 ya waliofanya yoga hawakuwa tena na vigezo vya ugonjwa, dhidi ya asilimia 21 ya waliohudhuria darasa la afya. Kundi ni dogo, najua, na utalisema kabla sijaweka nukta.

Lakini ushahidi ninaoutegemea zaidi hautoki kwa watu wa mikeka. Unatoka kwa watu wa tiba ya fikra na tabia, wale mnaowaona wakavu. Mwaka 1986 mwanasaikolojia David Clark alieleza shambulio la hofu hivi: moyo unaruka kidogo, mtu anautafsiri kama kifo kinakuja, hofu inaongeza mapigo, mapigo yanathibitisha tafsiri, na gurudumu linazunguka. Sasa unalivunja vipi? Unaweza kubishana na wazo mwaka mzima. Au unaweza kumwambia mteja asimame, akimbie papo hapo dakika moja hadi moyo umwende mbio, kisha akae na mkae nao. Mwenye kuogopa kizunguzungu tunamzungusha kwenye kiti kinachozunguka. Mwenye kuogopa kukosa hewa anapumua kwa mrija mwembamba huku amebana pua. Tunarudia hadi mwili uchoke kuogopa, na hii ni tiba iliyopimwa mara nyingi.

Hiyo ni tiba ya mwili, mkuu. Haina ubani wala muziki, na kiti chenyewe kinapiga kelele kikizunguka. Lakini mteja anayetoka pale hajaambiwa kwamba moyo kwenda mbio hauui. Ameuona ukienda mbio, na yeye yupo.

Kuhusu nadharia ya Porges nakubaliana nawe kwa sehemu kubwa. Inawapa wateja picha nzuri ya kwa nini waliganda badala ya kupigana, na picha hiyo huwaondolea aibu. Ila picha inayosaidia na ukweli wa neva ni vitu viwili, nami huwa naitumia bila kuapa.

#5 BundiMkesha

Nilikuwa msomaji tu, lakini hapa nimeguswa.

Mimi ndiye mwenye mashambulio hayo. Yanakuja usiku. Mikono inakufa ganzi, midomo inawashawasha, naona nakufa. Nilikwenda kwa mtaalamu, akanifundisha kuvuta pumzi ndefu ndefu za tumboni kila hofu ikianza. Nilifanya kwa bidii, naapa. Hali ikawa mbaya zaidi. Nikarudi, akasema sijafanya vizuri. Tangu hapo naamini mimi ndiye niliyeharibika, hata kupumua nimeshindwa.

Kwa hiyo nauliza: kuna watu ambao hizi mbinu za mwili haziwafai kabisa?

#6 KitiChaPili

Ndugu Bundi, hujashindwa kupumua. Pole sana.

Kwanza la kwanza: umeshapimwa na daktari? Simaanishi kukutilia shaka. Tezi ya thairoidi ikifanya kazi kupita kiasi inaleta moyo mbio, mikono kutetemeka na wasiwasi usio na sababu. Upungufu wa damu unaleta kuishiwa pumzi. Yapo pia matatizo ya mapigo ya moyo ambayo hakuna kiti cha kuzunguka kitakachoyatibu. Mtu wa tiba ya mazungumzo anayerukia mwili kabla ya vipimo anacheza.

Ukishapimwa na ukaonekana salama, sikiliza. Pumzi ndefu na pumzi ya polepole si kitu kimoja. Ukivuta hewa nyingi kuliko mwili unavyohitaji, hewa ukaa inapungua kwenye damu. Ikipungua, mishipa ya ubongo inabana kidogo, kichwa kinakuwa chepesi, vidole na midomo vinafanya ganzi. Ndizo dalili ulizozitaja neno kwa neno. Kwa hiyo kuna uwezekano mkubwa kwamba kila ulipofanya zoezi kwa bidii ulikuwa unatengeneza dalili zilezile unazozikimbia. Mtu mwenye hofu akiambiwa "vuta pumzi" anavuta kama anayetaka kupiga mbizi. Ukitaka kupumua kwa ajili ya kutulia, punguza mwendo na punguza kiasi. Wanaolipima jambo hili hufanya kazi na mwendo wa kama pumzi sita kwa dakika, laini, bila kujaza kifua.

La pili ni gumu kidogo. Hata pumzi sahihi inaweza kugeuka hirizi. Ukipumua ili usife, halafu usife, utaamini ni pumzi iliyokuokoa. Siku utakapopitiwa hofu inarudi na nguvu mbili. Mtu wa namna hiyo huwa namwomba asipumue kwa namna yoyote maalumu. Anakaa, shambulio linakuja, linapanda, linashuka, nasi tunalitazama. Mara ya kwanza ni kazi nzito, na usiianze peke yako usiku.

Na swali lako: ndiyo, wapo ambao kulegea kwenyewe kunawaongezea wasiwasi. Mwaka 1983 Heide na Borkovec waliandika kuhusu hilo. Mtu ambaye maisha yake yote ulinzi wake ni kukaza, ukimwambia legea, unamwambia ashushe silaha katikati ya vita. Hajaharibika. Anayestahili kubadilisha kitu hapo ni mtaalamu.

#7 FundiWaViungo

Mimi si wa saikolojia, ni wa mazoezi ya viungo, ila maumivu ya mgongo yanatukutanisha sote. Naletewa watu waliopigwa picha zote, hakuna kilichoonekana cha maana, wamekaa na maumivu miaka mitano. Wameambiwa "hiyo ni ya kichwani tu". Mnajua mtu anavyolisikia neno hilo? Analisikia kama "unaigiza".

Kuna utafiti uliotoka 2021 wa watu 151 wenye maumivu sugu ya mgongo. Kundi moja lilipata tiba ya mazungumzo ya wiki nne, vikao viwili kwa wiki, wakifundishwa kuyatazama maumivu kwa udadisi badala ya hofu, tena wakiwa kwenye mwendo ule ule unaowauma. Asilimia 66 walimaliza wakiwa hawana maumivu au wana kidogo sana. Waliopata sindano ya bandia ni asilimia 20, na walioendelea na matibabu yao ya kawaida ni 10.

Nilipousoma nilikasirika kwanza. Nikaona tunanyang'anywa kazi. Halafu nikakumbuka wagonjwa wangu wanaoinama kuokota kitu huku wameshikilia pumzi na kukunja uso kabla hata mgongo haujauma. Mwili wao umeshajibu kabla ya kuulizwa. Siku hizi kazi yangu ya kwanza si mgongo, ni ile pumzi iliyoshikiliwa.

Neno la "kichwani tu" ningeomba lizikwe. Maumivu yote yanatengenezwa na ubongo, hata ya mguu uliovunjika. Haimaanishi hayapo.

#8 UshahidiKwanza

Fundi, nakubali ni utafiti mzuri, ila usimalize bila tahadhari. Waliochaguliwa walikuwa na maumivu madogo hadi ya wastani, na yasiyo na chanzo cha wazi kwenye mifupa. Na sindano ya bandia ni kulinganisha kusikotosha: waliopata tiba walikaa na mtu wa kuwasikiliza vikao vinane, hawa wengine wakachomwa mara moja wakaenda. Usije ukamtibu mwenye uvimbe kwenye uti wa mgongo kwa udadisi.

Ila hilo la pumzi iliyoshikiliwa... sawa. Nimelipenda.

#9 NaogopaSindano

Shikamooni wakubwa. Mimi shida yangu ni moja, nikiona damu au sindano nadondoka. Si hofu ya kawaida, nazimia kabisa, nimeshapasua kidevu. Natakiwa kutolewa damu ya vipimo mwezi huu na nimeahirisha mara tatu. Nimejaribu kulegeza mwili kama ulivyoandika ya Jacobson, nikazimia haraka zaidi. Nifanyeje?

#10 KitiChaPili

Marahaba. Umeniletea mfano ninaoupenda kuliko yote, samahani kwa kufurahia kidevu chako.

Hofu nyingi zinapandisha shinikizo la damu. Ya kwako inapandisha kidogo kisha inaliangusha ghafla, ubongo unakosa damu ya kutosha kwa muda, unadondoka. Kwa hiyo ukilegea unalisaidia lianguke. Yaani ushauri ambao ungempa kila mtu mwenye hofu, kwako ni kinyume.

Mwaka 1987 Lars-Göran Öst na mwenzake Sterner huko Sweden walitoa maelezo ya dawa yake: kujikaza. Kaa kitini. Kaza mikono, miguu na kiwiliwili vyote kwa pamoja, sekunde 10 hadi 15, hadi uso upate joto. Acha, ila usilegee kabisa, rudi tu kwenye hali ya kawaida. Subiri nusu dakika hivi. Rudia mara tano. Fanya hivyo kila siku nyumbani kabla ya siku yenyewe. Kisha anza kuangalia picha ya sindano huku unajikaza, halafu sindano yenyewe bila kuchomwa. Jifunze dalili yako ya kwanza kabisa, kwa wengine ni jasho baridi, kwa wengine ni sauti kuwa mbali. Hapo ndipo pa kuanza kukaza, usingoje giza. Mkono unaochomwa uache uwe laini, kaza viungo vingine.

Mwambie mtoa damu mapema kwamba huwa unazimia, akuache ulale. Si aibu. Kama una mimba au shida ya shinikizo la damu muulize daktari kabla ya kuanza kujikaza.

Mnaona basi kwa nini sipendi neno kutuliza? Miili miwili, hofu mbili, na maelekezo yanapingana. Mtaalamu mwenye zoezi moja kwa kila anayeingia mlangoni hajauangalia mwili uliokaa mbele yake.

#11 MwanagenziMwakaWaPili

Mwalimu, swali la kizembe kidogo. Mnagusa wateja? Nimeona video za watu wanawekeana mikono kifuani na mtu anapiga kelele anasema kapona. Chuoni hatujafundishwa hili kabisa, tumeambiwa tu "kuwa makini".

#12 KitiChaPili

Si la kizembe hata kidogo, na "kuwa makini" si jibu la kumpa mwanafunzi.

Mimi sigusi. Najua zipo shule za tiba zinazogusa, na wapo wanaofanya kwa idhini, kwa mafunzo na kwa usimamizi. Sitaki kuwahukumu wote. Sababu yangu ni kwamba karibu kila ninachokihitaji nakipata kwa kuuliza. Mteja anaweza kuweka mkono wake mwenyewe kifuani. Mkono ni wake, kifua ni chake, na akitaka kuutoa hamwombi mtu ruhusa. Mtu aliyewahi kushikwa bila ridhaa anaweza akasema "sawa" kwa mdomo kwa sababu ndivyo alivyojifunza kunusurika. Idhini ya mtu wa namna hiyo si rahisi kuisoma, na mimi sijiamini kiasi hicho. Kelele na vilio vya kwenye video nisivyojua vinaishia wapi wiki inayofuata siviwekei uzito.

Nami nisijifanye mjuzi wa kuzaliwa. Nilikuwa na mteja aliyepitia mambo mazito utotoni. Nilikuwa nimetoka kwenye mafunzo mafupi, nina hamu ya kuyatumia. Nikamwambia funga macho, tuanze na nyayo, tupande taratibu mwili mzima. Tulipofika magotini niliona mikono yake imekuwa myeupe kwenye vifundo vya vidole. Nikadhani amezama kwenye zoezi. Nikaendelea, tena kwa ile sauti ya chinichini tunayopenda. Alipofungua macho, akili yake haikuwepo pale. Jina lake ilichukua muda kulijibu. Hakurudi wiki mbili, na aliporudi aliniambia, "Uliniambia nifunge macho kwenye chumba chenye mlango uliofungwa."

Sasa kwa watu waliojeruhiwa macho yanabaki wazi. Naanza nje: unaona rangi gani, kiti kinakushika wapi, mlango uko upande gani. Ndani tunaingia kwa dakika moja, tunatoka. Tunaanza na mahali pasipouma, pengine ni ncha ya sikio tu, na hiyo inatosha kwa siku. Na nasema "ukipenda" kwa kumaanisha. Akisema hapana, tunazungumza hali ya hewa.

Msimamizi wangu aliniuliza baada ya tukio lile: "Uliona vifundo vyake. Wewe mwilini mwako ulihisi nini?" Nilikuwa nimehisi tumbo linakaza, nikalipuuza kwa sababu zoezi lilikuwa halijaisha. Mwanagenzi, hilo ndilo ningelifundisha mwaka wa kwanza. Mwili wa pili ndani ya chumba ni wako.

#13 UshahidiKwanza

Nimekuja kupinga na sina kubwa la kupinga, inaniudhi. Nibakishe moja. Ile tiba ya kusogeza macho (EMDR), ambayo mteja anakumbuka tukio huku macho yanafuata kidole, aliyoianza Francine Shapiro mwaka 1987, Shirika la Afya Duniani liliipendekeza 2013 kwa watu wazima wenye kiwewe. Sawa, inafanya kazi. Lakini macho yenyewe yanahusika nini? Wengi wetu tunaona kinachotibu ni kuikabili kumbukumbu, macho ni pambo.

#14 KitiChaPili

Huenda. Maelezo yanayonivutia ni kwamba kushika kumbukumbu huku unafuata kidole kunaigawanya akili, picha inapoteza makali wakati inashikwa, na inarudi kuhifadhiwa ikiwa imefifia. Ikiwa ndivyo, kugonga vidole au hata kuhesabu kinyumenyume kungefanya kazi hiyohiyo, na macho hayana uchawi wowote. Hapo mimi na wewe tuko meza moja.

Tofauti yetu ni ndogo: wewe unataka kujua kwanza kwa nini, mimi mteja wangu wa saa nne ameshafika.

#15 BundiMkesha

Nimepimwa. Tezi nzima, damu nzima. Nimepata mtaalamu mwingine, kikao cha kwanza Alhamisi. Nimemuuliza kwenye simu kama ana kiti kinachozunguka, akacheka, akasema anacho.

#16 NaogopaSindano

Wakuu, nimetoka kutolewa damu. Mirija miwili! Nilijikaza hadi muuguzi akaniuliza kama nina haja ya kwenda chooni. Sijadondoka. Kizunguzungu kilikuja, nikakaza mapaja, kikaondoka. Sindano ya mwisho sikuitazama, nakiri, ila ya kwanza niliiangalia ikiingia.